Upofu Unaoingia Polepole

Kila mwaka ifikapo tarehe 15 ya Oktoba, Siku ya Fimbo Nyeupe huadhimishwa katika nchi yetu kama katika nchi nyingine nyingi. Wenzetu wasioona hutoka kwa maandamano, fimbo mkononi. Hotuba husomwa, nyimbo huimbwa, na watu wenye moyo mwema huleta mchele, sukari, sabuni na mafuta ya kupikia. Parokia nazo, hasa vyama vya akina mama na vya vijana, huzitembelea shule za wasioona wakati wa Kwaresima au karibu na Noeli, na kuacha zawadi zao huko. Mambo hayo yote ni mema, wala hatuandiki leo ili kuyakejeli. Mtoto aliyepewa sabuni hakupewa maneno matupu.

Hata hivyo twataka kuuliza swali ambalo si la adabu sana kuulizwa siku ya sherehe. Gari lililoleta mchele likiisha kuondoka, na vumbi lake likiisha kutua, je, yuko mama hata mmoja katika vijiji vya jirani ambaye angepofuka, na sasa hatapofuka? Kama hayupo, basi sadaka yetu imemfikia kipofu lakini upofu wenyewe haujaguswa. Na katika uwanda wa kati wa nchi yetu, tangu Kongwa na Mpwapwa hata Dodoma, Manyoni na Singida, upofu ni kitu kinachoweza kuguswa. Mwingi wake huingia nyumbani polepole, hukaa miaka thelathini au arobaini kabla ya kumaliza kazi yake, na njia zake zajulikana.

Katika Biblia yetu sisi Wakatoliki kimo kitabu kizima kinachosimulia habari za nyumba iliyoingiwa na upofu, nacho ni Kitabu cha Tobiti. Familia nyingi hukisoma siku ya arusi tu, kwa ajili ya ndoa ya Tobia na Sara, kisha hukifunga. Yafaa kukifungua tena. Tobiti alikuwa mtu wa sadaka. Aliwalisha wenye njaa, aliwavika walio uchi, na wafu wa taifa lake waliotupwa nje aliwazika, ijapokuwa mfalme wa Ninawi alikuwa amekataza. Usiku mmoja, akiisha kumzika mtu, alilala uani kando ya ukuta, uso wake bila kufunikwa kwa sababu ya joto. Mavi ya ndege yakamwangukia machoni, yakafanya ukungu mweupe. Akaenda kwa waganga. Na kadiri walivyompaka dawa, ndivyo macho yalivyozidi kuharibika, hata akapofuka kabisa.

Kisha mwandishi wa kitabu hiki asimulia jambo ambalo watu hulisahau. Mkewe Anna akaanza kufanya kazi ya ujira ili nyumba ile ile chakula. Siku moja waliomwajiri wakampa mwanambuzi juu ya mshahara wake. Tobiti akamsikia mbuzi analia uani, na kwa kuwa hakuona, akashuku kwamba ameibwa. Akamwamuru mkewe amrudishe kwa wenyewe. Mke naye akakasirika, akamwuliza sadaka zake zote zimemfikisha wapi. Yeyote aliyewahi kukaa katika nyumba ambamo mtu amepofuka ukubwani atakiri kwamba ugomvi wa namna ile ameusikia kwa masikio yake.

Basi, uchafu wa uani, dawa isiyofaa, na mzigo kumwangukia mwanamke: mambo hayo yaliyotokea Ninawi ndiyo yanayotokea Ugogo.

Kuhusu dawa tutasema machache. Daktari Allen Foster, Mwingereza aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mvumi ya ndugu zetu Waanglikana, kusini ya Dodoma, alichunguza pamoja na mwenzake Alfred Sommer habari za watoto wa Tanzania waliopata vidonda machoni, na uchunguzi wao ulichapishwa mwaka 1987. Walikuta sababu kubwa kuwa surua, ukosefu wa vitamini A mwilini, na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Mtoto ameugua surua, macho yamekuwa mekundu, bibi kwa mapenzi yake yote akakamua majani akamtia. Asubuhi jicho limeharibika. Chanjo ya surua imeokoa macho mengi kuliko tunavyoweza kuhesabu, na mzazi anayeichelewesha kwa uvivu tu ajue anacheza na nini. Kwa habari ya majani yaliyokamuliwa, mkojo, na ile chupa ya dawa ya macho iliyobaki kwa jirani tangu mwaka juzi, neno letu ni moja: kisitiwe kitu chochote machoni mwa mtoto ila kilichotolewa na mganga wa zahanati.

Sasa turudi uani.

Mji wa Dodoma umekaa juu, mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, na mvua yake ni haba: milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, nayo yote huja kati ya Desemba na Aprili. Tangu Mei hata Novemba mbingu imefungwa. Wazee wa Kongwa wamesimulia habari za Serikali ya Kiingereza iliyokuja mwaka 1947 na matrekta ili kulima karanga kwa maelfu ya ekari. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa, paundi milioni 36 zikiwa zimepotea, na moja ya sababu zake ilikuwa mvua isiyotosha na udongo ambao wakati wa kiangazi huwa mgumu kama saruji. Twaikumbusha habari hiyo kwa sababu wale mabwana walishindwa na ukame uleule ambao mama wa Kongwa hushindana nao kila asubuhi akiwa na ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Katika nchi kama hiyo, maji hupimwa. Kwanza ya kunywa, kisha ya kupikia, kisha ya ndama. Na uso wa mtoto husubiri.

Maradhi yanayongojea uso usiooshwa huitwa vikope, na wataalamu huyaita trakoma. Kijidudu chake hukaa katika tongotongo na kamasi za watoto wadogo. Hupita kwa vidole vyao wanapocheza, kwa shuka wanayojifunika pamoja, kwa pindo la kanga ambalo mama hufutia uso wa mmoja kisha wa mwenziwe. Na hupita kwa nzi. Yuko nzi wa namna ya pekee apendaye kunywa majimaji ya macho, naye hutaga mayai yake hasa katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Ndani ya shimo la choo hazaani. Kwa hiyo anayejisaidia porini karibu na nyumba, hata kama ni mtoto tu, anawafugia nzi hao malisho yao. Msomaji atusamehe kwa kusema hivi waziwazi katika ukurasa huu. Lakini haya ya kusema imewagharimu watu macho.

Mtoto akiambukizwa mara moja, hupona. Akiambukizwa tena na tena, mwaka hata mwaka, ngozi laini iliyo upande wa ndani wa kope la juu hufanya makovu. Makovu hujikaza kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani. Huivuta kope kuelekea ndani, na nywele zake, ambazo Mungu aliziweka kulilinda jicho, huanza kulikwaruza. Kila mtu apepesapo, nywele hupita juu ya kioo cha jicho, maelfu ya mara kwa siku. Kioo hupata vidonda, na vidonda hugeuka ukungu mweupe kama ule wa Tobiti. Wanawake wengi huzing'oa nywele hizo kwa kibano. Hupata nafuu siku chache, kisha zaota tena, fupi na ngumu, na maumivu huwa kama mchanga usiotoka jichoni. Hawezi kukaa karibu na moto, hawezi kulima mchana wa jua, hawezi kupepeta. Aambukizwa akiwa na miaka mitatu, apofuka akiwa na hamsini. Na kwa kuwa muda uliopita katikati ni mrefu hivyo, watu husema ni uzee, au husema amerogwa, na jirani fulani asiye na hatia huchukiwa bure.

Wanawake hupatwa na kope za kuingia ndani karibu mara mbili ya wanaume. Ndio wanaowabeba watoto, ndio wanaolala nao, ndio wanaofuta nyuso zao. Kila mtoto amrudishia mama yake maradhi ambayo mama alikwisha kupona utotoni. Na anayeanza kumwongoza bibi kwa fimbo, mmoja mbele na mwingine nyuma, mara nyingi ni mjukuu wa kike, ambaye kwa ajili hiyo huacha shule.

Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa Tanzania, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wamefanya uchunguzi mwingi katika vijiji vya Kongwa, hata jina la Kongwa likajulikana kwa matabibu wa macho duniani. Walipoanza walikuta vijiji vingi ambamo zaidi ya nusu ya watoto wadogo walikuwa na vikope. Jambo moja katika waliyoyaona lastahili kusomwa kwa sauti katika kila nyumba. Wingi wa maji yaliyoletwa nyumbani haukutosha kueleza kwa nini watoto wa hapa wana nyuso safi na wa pale wana nyuso chafu. Lililokuwa na nguvu ni maji yale yamepangiwa kazi gani. Akina mama walidhani kuosha nyuso kwataka maji mengi na muda mwingi. Na tena, hata mama aliyetaka kubadili desturi hakuweza peke yake, kwa maana maji yana wenyewe, na mume na majirani husema wakiyaona yanamwagwa. Ilibidi kuitishwe mikutano, wanaume na wanawake pamoja, wajionee wenyewe jinsi lita moja ya maji inavyoosha nyuso za watoto wengi.

Kisha wakafanya jaribio katika vijiji sita, vikiwa viwili viwili. Watoto wote walitiwa marhamu ya tetrasaiklini machoni kwa siku thelathini. Katika vijiji vitatu likaongezwa fundisho la kuosha nyuso, lililofanywa kwa mikutano na ushirikiano wa kijiji chote. Habari yake ilitolewa mwaka 1995. Nyuso safi hazikuongezeka sana, tuseme kweli. Desturi ni ngumu. Lakini hata kwa ongezeko hilo dogo, vikope vile vikali, ambavyo ndivyo vyenye kuleta makovu, vilipungua katika vijiji vilivyofundishwa kuliko katika vile vingine. Maradhi hayakwisha. Yalipungua, na yalipungua kwa kata ya maji.

Akina baba, neno hili ni lenu. Nyumbani mwenu mama huchota, lakini ninyi ndio mnaouliza kwa nini pipa limekwisha. Mume akisema mara moja tu, mbele ya wote, kwamba kila asubuhi watoto wataoshwa nyuso kabla ya kunywa uji, jambo limekwisha kuwa sheria; mama akilisema peke yake, litabaki kuwa ombi. Chombo chenyewe si cha fedha. Vijana wengi wamejifunza shuleni kutengeneza kibuyu chirizi: dumu dogo au kibuyu kilichotobolewa tundu dogo, kikaning'inizwa kwenye mti, na maji yakatoka kidogo kidogo pasipo mtu kuchovya mikono michafu ndani. Vijana wa parokia wanaotafuta tendo la huruma la kufanya Jumamosi waanze hapo, kisha washike majembe wakachimbe choo cha shimo kwa mjane asiye na mtu wa kumchimbia. Katika nchi ya Gambia wachunguzi walithibitisha mwaka 2004 kwamba vyoo vya shimo hupunguza nzi usoni pa watoto. Gambia si nchi tajiri, nayo ina kiangazi kirefu kama chetu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba vikope si tatizo tena la afya ya watu wake. Oman ilitangulia nchi zote kuthibitishwa, mwaka 2012. Ghana ikafuata mwaka 2018, na Malawi jirani zetu mwaka 2022.

Kwetu pia dawa imefanya kazi kubwa. Tangu mwaka 1999 Tanzania imekuwa ikipokea dawa iitwayo Zithromax, itolewayo bure na kampuni ya Pfizer ya Marekani, nayo humezwa mara moja tu kwa mwaka na kijiji kizima. Wilaya nyingi zimekwisha kuacha kuigawa, kwa kuwa wenye vikope wamekuwa chini ya watoto 5 katika kila 100, ambacho ndicho kipimo kilichowekwa. Miongoni mwa wilaya zilizochelewa katika miaka ya karibuni zimo zile za wafugaji wa kaskazini.

Hapo ndipo twaogopa kosa moja. Watu wakisikia maradhi yamepungua kwa watoto, hudhani habari imekwisha. Haijakwisha. Dawa huua kijidudu, kovu haliondoi. Msichana wa Kongwa aliyekuwa na miaka mitano na macho yenye tongotongo mwaka 1986, wakati wachunguzi walipokuwa wakipita kijiji kwa kijiji, leo amepita miaka arobaini, huenda ana wajukuu, na kovu lake linaendelea kujikaza hivi tusemavyo. Huyu hayumo katika shule yoyote ya kutembelewa. Hatatokea katika maandamano ya Oktoba, kwa maana hajihesabu kuwa kipofu. Ana macho yanayouma tu. Amekaa nyuma ya nyumba, kivulini, amejifunika kanga usoni, na watu wa nyumbani mwake wamezoea.

Kabla hatujamfuata huko kivulini, tuseme neno juu ya wale ambao kuona kwao kumekwisha kupotea. Katika safu hii tumetumia neno kipofu kwa sababu ni neno la Maandiko. Wenyewe wapenda kuitwa wasioona, na haki yao. Pale Buigiri, mashariki ya Dodoma, ipo shule iliyofunguliwa na Waanglikana mwaka 1950, shule ya kwanza ya watoto wasioona katika nchi yetu. Iliitwa kwa jina la Wilson Carlile, padre wa Kianglikana aliyeanzisha Church Army huko Uingereza. Hatuoni haya kukiri kwamba katika tendo hili la huruma ndugu zetu walitutangulia. Watoto wake wamejifunza kusoma kwa ncha za vidole, kwa maandishi ya nukta nundu, ambayo Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka akiwa mtoto mdogo, aliyachapisha kwanza mwaka 1829. Nukta sita tu, zikipangwa namna mbalimbali, zatosha herufi zote, hesabu zote, na muziki. Pamoja nao husoma watoto wenye ualbino, ambao macho yao ni dhaifu.

Kwa wageni wa shule za namna hiyo tunalo shauri moja tu, nalo limo katika Injili ya Marko, sura ya kumi. Bartimayo alikuwa ameketi kando ya njia ya Yeriko. Alipopaza sauti, watu wema waliokuwa wakimfuata Bwana walimkaripia anyamaze. Bwana akasimama, akaamuru aitwe. Na alipofika, kabla ya tendo lolote alimwuliza anataka nini. Kila mtu pale aliona kwamba yule ni kipofu. Hata hivyo aliulizwa. Basi kabla ya kununua gunia la tano la mchele, mwenyekiti wa chama na apige simu shuleni aulize. Huenda ataambiwa kwamba mchele upo, kinachokosekana ni karatasi nene za kuandikia nukta nundu, maana za kawaida hazifai. Au mashine moja ya Perkins imeharibika na hakuna fedha ya fundi. Au kwamba shule itafungwa wiki ijayo na watoto wanne hawana nauli ya kwenda kwao. Mara nyingine atakayejibu simu ni mwalimu ambaye mwenyewe haoni, na hilo nalo ni fundisho kwa aliyepiga. Na picha? Picha zipigwe kwa ruhusa ya mwenye uso. Mtoto asiyeona hajui kwamba amepigwa picha. Kumpiga bila kumwambia ni kumwibia.

Sasa tumfuate mama yule kivulini.

Kope iliyoingia ndani hunyoshwa kwa upasuaji mdogo. Mhudumu aliyefundishwa kazi hiyo, ambaye si lazima awe daktari, huweza kuufanya katika kituo cha afya. Hutia sindano ya ganzi, hupasua kope kidogo, huigeuza ili nywele zielekee nje, na kushona. Hauchukui hata saa moja. Jicho hufungwa hadi kesho yake, na nyuzi hutolewa baada ya wiki moja au mbili. Lazima tuseme ukweli wote: upasuaji huu haurudishi nuru iliyokwisha potea kwa ukungu, na kwa watu wengine kope huingia tena baadaye, ikabidi kurudi. Bali maumivu ya miaka hukoma, na nuru iliyobaki huhifadhiwa. Yako pia maradhi mengine, mtoto wa jicho, ambayo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya upofu hapa kwetu na duniani. Kwa hayo upasuaji huirudisha nuru yenyewe: mzee aliyeongozwa kwa fimbo Jumatatu huweza kumtambua mjukuu wake Jumatano. Anayetafuta wenye kope atawakuta na hao, wawili kwa safari moja.

Upasuaji wa kope mara nyingi hutolewa bure. Hata hivyo, wachunguzi wa Kongwa walipowafuata wanawake waliokwisha kuambiwa kwamba wanauhitaji, walikuta baada ya miaka miwili wengi bado hawajaenda. Mtu wa mjini ataita hayo ujinga. Sisi tunaona nyumba ile yenye kuku, wajukuu watatu, mbuzi wa kuchungwa na maji ya kuteka. Mama akiondoka siku tatu, nani atafanya? Nani atamshika mkono njiani wakati macho yote mawili yamefungwa bandeji? Nauli atatoa nani, na atamwombaje mume ambaye hajaona sababu? Na usiku ule kabla ya safari, nani atakaa naye amwambie kwamba mwanamke fulani wa kijiji cha pili alipasuliwa, na hakutolewa jicho?

Maswali hayo hayana jibu katika hospitali. Jibu lake limo katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo Maaskofu wa Afrika Mashariki waliziamua mwaka 1976 kuwa njia ya kuliishi Kanisa hapa kwetu: nyumba kumi au kumi na tano zinazojuana kwa majina, zinazokutana kila wiki chini ya mti au sebuleni. Hakuna shirika la kigeni lijualo ni bibi gani ambaye amekoma kuja ibadani kwa sababu jua lamchoma macho. Jumuiya yajua. Twapenda basi kila jumuiya ya Dodoma na Singida, na popote pengine nchini ambapo vikope vimekuwapo, iweke wiki moja kwa kazi hii, na kabla ya kuanza imwite mhudumu wa macho wa zahanati au wa hospitali ya wilaya aifundishe kwa saa moja.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Watu wawili, mmoja wao mwanamke, hupita nyumba zote za jirani, za Wakatoliki na zisizo za Wakatoliki, za Waislamu na za wasio na dini. Huuliza kama yuko ambaye nywele za kope zamchoma, au anayemiliki kibano. Swali la kibano lafaa kuliko yote, kwa sababu mtu aweza kuona haya kusema anaumwa, lakini kibano chake akionyesha. Huangalia mchana, nje kwenye mwanga, bila kugusa jicho. Huandika jina na nyumba. Orodha hupelekwa zahanati, na siku ya timu ya upasuaji huulizwa. Kisha ndipo sadaka iliyochangwa hupata kazi yake: nauli ya watu wawili, mgonjwa na wa kumshika mkono, unga wa siku tatu, sabuni. Akishafanyiwa, wahesabu siku na wampeleke kutolewa nyuzi, jambo ambalo husahauliwa mno.

Tena wapange mapema, jina kwa jina, ni nani atakayeteka maji ya nyumba ile asubuhi ya kwanza na ya pili, ni nani atakayewalaza wajukuu, na mtoto wa nani atakayewachunga mbuzi wa bibi mpaka atakaporudi.